Kindi Hawafungi Kwaresima

Koki ilikohoa. Ikatoka hewa, kisha sisimizi mmoja aliyelowa chapachapa, kisha tone moja la ulanzi lililoning'inia pale mdomoni, likafikiri, likaamua kubaki. Chini ya koki kulikuwa na kopo la baba mkwe. Nyuma ya kopo alikuwapo baba mkwe mwenyewe, kofia ameshaivua, masharubu ameshayafuta, mkono umenyooka. Nikafunga koki, nikafungua tena. Nikaipiga ndoo kofi. Nikatamka yale maneno ambayo kila fundi wa nchi hii huyatamka akiwa hajui la kufanya: "Kuna hewa imeingia, itatoka sasa hivi."

Hewa ilitoka. Ulanzi ndio uliokataa.

Hiyo ni Pasaka ya mwaka huu, na mpaka leo nikiwa sokoni nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, nageuka kuangalia kama ni shemeji.

Uzito wa aibu hii hauwezi kueleweka bila kalenda. Machipukizi ya mlanzi hugemeka wakati wa mvua, tangu Januari hivi hadi Aprili, na ikijaliwa mpaka Mei. Kwaresima nayo, kwa mpango wa Mungu ambao sina ruhusa ya kuuhoji, huangukia katikati kabisa ya msimu huo. Baba mkwe ni Mkatoliki wa Peramiho, kule ambako Wabenediktini walifika 1898 na kengele zao, na akisema amefunga, amefunga. Tangu Jumatano ya Majivu alikuwa akipita mbele ya vilabu akiwa ametazama upande wa pili wa barabara, na upande wa pili wa barabara nako kuna kilabu. Siku 40 za kunusa tu. Halafu mimi, mkwewe, nikampigia simu Alhamisi Kuu: "Shikamoo baba. Pasaka njooni kwetu. Safari hii ulanzi hautatoka kwenye mbeta, utatoka bombani."

Akauliza, "Wapi?"

Nikasema, "Bombani, baba." Yaani nilirudia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa mtambo wenyewe. Mlanzi ni mwanzi, ila si wa kujengea uzio tu. Mvua zikikolea hutoa machipukizi manene yanayorefuka kwa haraka ya kutisha (katika ukoo wa mianzi zimo aina zilizowahi kupimwa zikirefuka sentimita 91 kwa siku moja), na mizizi husukuma juu maji yenye sukari ili kuilisha haraka hiyo. Mgema anakuja na kisu, anakata ncha ya chipukizi likiwa bado laini, anafunga mbeta chini ya jeraha, na tangu hapo kila asubuhi na kila jioni anapitisha kisu, anaondoa kipande chembamba cha kuonea mwanga, ili jeraha lisifunge. Chipukizi halitakuwa mwanzi tena. Limeshaandikiwa kuwa kinywaji. Mbeta ni kipande cha mwanzi kilichozibwa chini na pingili yake chenyewe. Haisuguliwi sana, na siri iko hapo hapo: hamira ya porini imeshafanya makao ndani yake, kwa hiyo maji yakidondoka tu yanaanza kuchacha. Yakinywewa mapema ni matamu, hata mtu asiyekunywa pombe hujisahau. Kesho yake ni ulanzi wa watu wazima. Ukiachwa zaidi ya hapo unakuwa mkangafu, na mnywaji anaanza kuamkia miti.

Sikuwahi kuona kasoro yoyote katika utaratibu huo mpaka usiku mmoja wa mvua nilipofungua simu nikakutana na Wakanada.

Wenzetu wana mti unaoitwa mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera yao. Nao hugemwa, ila hautegemei mvua, unategemea baridi. Usiku maji yanaganda ndani ya mti, hewa iliyomo kwenye nyuzi za mbao inasinyaa, mti unavuta maji kutoka mizizini. Mchana jua linatoka, barafu inayeyuka, hewa inatanuka, shinikizo linapanda, na ukiwa umetoboa tundu dogo kwenye shina, maji yanatoka yenyewe bila kuombwa. Yana sukari kama asilimia 2 tu. Wanayachemsha, yanapungua, yanapungua, mpaka lita 40 za maji ya mti zinabaki lita moja ya asali ya mepo. Arobaini kwa moja: Kwaresima nzima kwa Pasaka moja. Nilipofika hapo nikakaa kitako kitandani. Mama watoto akauliza nani amekufa.

Zamani Wakanada walitundika ndoo kwenye kila mti na kuzipitia moja moja kwenye theluji. Zile ndoo ni mbeta tu za bati. Lakini tangu miaka ya 1950 wagema wa Amerika ya Kaskazini walianza kufunga mipira ya plastiki. Kila mti una mpira wake mwembamba, mipira myembamba inaingia kwenye mpira mnene, mpira mnene unashuka mlima mpaka kwenye tangi, na siku hizi kuna pampu ya kunyonya hewa ili mti utoe zaidi. Mzee wa Kikanada amekaa kibandani na koti lake, anatazama tangi likijaa. Hapandi mlima, halowi, haumwi na nyuki. Jimbo la Quebec peke yake hutoa karibu asilimia 70 ya asali ya mepo ya dunia nzima, na ni mali hasa: mwaka 2011 na 2012 wezi waliinyonya kutoka kwenye ghala la akiba karibu tani 3,000, thamani yake zaidi ya dola milioni 18 za Kanada, na baadhi ya mapipa wakayarudisha yakiwa yamejaa maji. Mtu anayeibiwa tani 3,000 za kitu kinachodondoka kutoka mtini ni mtu aliyeendelea. Nikaamua tuendelee.

Hapa kwetu Songea hakuna mipira ya mepo. Ipo mipira ya levo, ule mpira unaopenyesha mwanga ambao mafundi ujenzi huujaza maji ili kujua kama msingi umekaa sawa. Nikanunua wa kutosha kupima msingi wa kanisa. Kwa mipira myembamba nilikwenda duka la dawa, nikaomba mipira ya dripu, mipya, mingi. Muuzaji, binti mwenye adabu, akaniuliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia wagonjwa ni wengi, wako nje wamesimama kwenye mvua. Alinipa haraka na hakunipunguzia bei.

Kichaka changu cha milanzi kiko nyuma ya nyumba, upande wa Mshangano, kwenye mteremko, na mteremko ndiyo pampu ya maskini. Kila chipukizi nikalifunga mpira wa dripu, kila mpira wa dripu nikauchomeka kwenye mpira wa levo, viungo nikavikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na mwisho wa yote, uani, nikaweka ndoo ya lita 20 yenye koki, zile ndoo ambazo nchi nzima ilijifunzia kunawa mikono 2020. Babu jirani alikuja kutazama. Ni mtu ambaye amekuwa akigema tangu barabara ya Njombe haijawekwa lami.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hiki nini, mjukuu?"

Nikamweleza kuanzia Quebec. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mikono nyuma. Kisha akauliza, "Na kisu nacho kitapita humo kwenye mpira?"

"Hapana, babu."

"Kwa hiyo asubuhi utakwenda na kisu kwa kila chipukizi."

"Ndiyo."

"Na jioni."

"Na jioni, babu."

"Na mbeta ingekuwa hapo hapo kwenye chipukizi, unaondoka nayo." Akalipitia jambo hilo kimya kimya, akalizunguka. "Sasa huu mpira unakupunguzia nini?"

Nikamwambia hiyo ni awamu ya pili ya mradi. Aliyeishi nchi hii anajua kwamba jibu hilo halina rufaa.

Na mtambo ulifanya kazi. Hili nalisema mbele ya yeyote. Ulanzi ulitembea, niliuona kwa macho yangu ukiteremka ndani ya mpira, mweupe wa maziwa yaliyochujwa, mapovu yakipishana nao. Tatizo la mapovu ni kwamba Quebec ina baridi ya kuwazuia wadudu wa kuchachusha, na Songea ina joto la kuwakaribisha. Hamira ilihamia kwenye mpira na ukoo wake wote. Ndani kukajengeka ute, na ute ukianza kwenye mpira mwembamba unaziba, na ukiziba hewa inasukumana, na viungo vinaanza kuachia kimoja kimoja usiku, pu, pu, unasikia ukiwa kitandani. Ndiyo maana Jumamosi Kuu niliufungua mtambo wote, nikaloweka mipira kwenye beseni la jiki, nikaisuuza kijuujuu kwa sababu maji ya bomba yalikuwa hayatoki, nikaitandaza ikauke, jioni nikairudisha kichakani kabla ya mkesha. Mama watoto alipita akasema nyumba inanuka wodi. Nikamwambia usafi ni nusu ya ulanzi.

Kindi si mnyama wa usiku. Analala giza likiingia, raia mwema kabisa, na kuamka alfajiri. Alfajiri ya Pasaka nilikuwa kanisani, nimevaa shati jipya, naimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu. Tulitoka Misa, tukasalimiana, tukapokea wageni stendi, tukaja nao nyumbani kwa mwendo wa kuonyesha mji. Wakati wote huo, kule kichakani, karamu ilikuwa imeshafika kwenye hotuba.

Basi koki ikakohoa, kama nilivyokwisha kusema. Mtoto mmoja, katika wale ambao hata usipowaalika huwa wapo kwenye kila aibu, akanyoosha kidole juu ya milanzi akapiga kelele: "Huyo!"

Alikuwa amekaa kwenye pingili, kiasi cha hatua chache tu kutoka tulipo, mgongo rangi ya mchanga, mkia unamruka ruka. Mikononi ameshika kipande cha mpira wa dripu chenye urefu wa kiganja. Alikuwa akikigeuza kwa vidole vyote huku meno yakipita juu yake, mtindo ule ule wa mtoto na gunzi la mahindi ya kuchoma, na kila akimaliza mzunguko analamba. Sharubu zilikuwa zinang'aa kwa ulanzi. Hakukimbia. Alitutazama, akatupa kile kipande, akachukua kingine kilichokuwa kinamngoja kwenye tawi. Alikuwa amejiwekea akiba.

Nikashika njia kuelekea kichakani kwa kisingizio cha kukagua. Kosa la wageni wa heshima ni kwamba nao hukagua. Baba mkwe akanifuata na kopo mkononi, nyuma yake mashemeji, nyuma yao watoto, msafara kamili wa waziri akizindua kisima. Mipira ya dripu ilikuwa imekatwa mshazari, mikato misafi ya wembe. Mpira wa levo ulikuwa na matundu mawili mawili, juu meno ya juu, chini meno ya chini, kuanzia kilimani mpaka uani, na kwenye kila tundu ulanzi ulikuwa unadondoka taratibu kwenye majani makavu. Kuku walikuwa wameshauona. Jogoo alikuwa ameegemea ukuta wa choo akiwika kwa vituo, na majike yalikuwa yanamtazama kwa masikitiko. Baba mkwe aliinama kwenye tundu la kwanza, akaligusa kwa kidole, akalamba kidole. Akaenda la pili. Mzee wa watu aliyefunga siku 40 alikuwa anakunywa Pasaka yake kwa ncha ya kidole, tundu kwa tundu, mbele ya ukoo.

Alipofika la mwisho akasimama. "Mkwe," akasema, bila hasira, na bora angekuwa na hasira, "mgema akisifiwa hutia maji. Wewe hata maji hukututilia."

Mama mkwe akamwambia binti yake jambo kwa Kingoni, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kingoni nakielewa. Heri nisingekielewa.

Na kwa kuwa aibu haiji peke yake, babu jirani akatokea kwenye kona ya nyumba na mbeta mbili zilizojaa, povu linamwagika pembeni, akasema amesikia tuna wageni. Akamimina. Baba mkwe akanywa kopo la kwanza akiwa amefumba macho. Akanywa la pili akiwa ameyafumbua. La tatu ndipo akauliza babu anatumia mtambo gani. Babu akanionyesha kwa kidevu: "Mimi bado niko awamu ya kwanza."

Nimelala na swali moja tangu siku ile: kwa nini siku hiyo? Mipira ilikuwa pale karibu Kwaresima nzima. Kindi walipita juu yake, walirukia, mmoja nilimwona akiinusa akaenda zake. Kwamba wanaguguna, hilo si ajabu. Meno ya mbele ya kindi hayaachi kuota maisha yake yote. Upande wa mbele yana ganda gumu, nyuma ni laini zaidi, kwa hiyo kila anapotafuna, nyuma inalika upesi kuliko mbele, na jino linajinoa lenyewe kwa kufanya kazi. Mgema angepewa kisu cha namna hiyo angekirithisha wajukuu. Asipoguguna, meno yanarefuka mpaka yanamzuia kula. Sawa. Lakini mji mzima umejaa vitu vya kuguguna, na mbao zipo, na nazi zipo sokoni.

Jibu lilikuwa kwenye beseni. Jiki, ukiiondolea harufu na matangazo, ni dawa ya klorini na sodiamu iliyoyeyushwa kwenye maji, na ikikauka haiondoki yote: inaacha chumvi. Majani na mbegu zina sodiamu kidogo sana kuliko mwili wa mnyama unavyotaka, kwa hiyo kila mla majani anatembea hapa duniani na kiu ya chumvi. Ng'ombe hulamba jiwe. Tembo wa Mlima Elgon, upande wa Kenya, huingia usiku mpaka ndani kabisa ya pango la Kitum, kwenye giza la kutoona mkonga wako mwenyewe, wakapapasa kuta na kuzikwangua kwa pembe ili wale mwamba wenye chumvi. Mnyama wa tani kadhaa anaingia pangoni gizani kwa ajili ya kitu ambacho mimi nilikitandaza juani, mita kwa mita, nikakikausha vizuri, nikakitundika kwenye kimo cha kindi. Wagema wa mepo wanalijua jambo hili. Walioosha mipira kwa dawa hizi za klorini waliona kindi wanaipenda zaidi, na huko Quebec huosha kwa spiriti. Wakanada, watu wa kinywaji kisicho na kileo, wanaosha mipira kwa kileo. Mimi mwenye ulanzi niliosha kwa kiungo cha mchuzi.

Tena kindi hahitaji kufundishwa kugema. Mwanasayansi Bernd Heinrich aliandika mwaka 1992 kuhusu kindi wekundu wa Maine, Marekani. Kindi anang'ata gome la mepo, maji yanatoka, naye anaondoka zake. Hayanywi; maji ya asilimia 2 hayana maana. Anaacha jua na upepo vifanye kazi, maji yakauke, kisha anarudi kulamba sukari iliyobaki juu ya gome. Lita 40 kwa lita moja, bila kuni, bila sufuria, bila pampu. Nilisoma habari hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma barua zangu zote za posa. Yupo mnyama wa gramu mia mbili tatu aliyegundua kiwanda, na hajamwita mkwe kuja kukizindua.

Yaliyofuata ni madogo. Nilipaka mipira mipya oili chafu na pilipili kichaa, dawa ambayo wakulima huwekea tembo kwenye kamba za uzio, kisha nikajifuta jicho. Nikaazima paka, alilala chini ya mlanzi kwa amani na kindi akamzoea. Nikafunga redio kichakani, wakati wa taarifa ya habari kindi akakaa juu yake. Nikakodi vijana wawili wenye manati, wakapata ndoo, wakapata bati la jirani, kindi hawakumpata.

Ndipo nikataka kutega, na mtu mmoja kazini akanikumbusha sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wako chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na kuwinda ni kwa kibali. Nikafurahi. Kama mbuzi wa jirani akila mahindi yangu mwenye mbuzi analipa, basi mwenye kindi nimeshampata. Nikatafuta utaratibu wa kifuta jasho. Upo, una kanuni za 2011, na una orodha ya wanyama hatari: tembo, simba, kiboko, mamba, na wengine wa heshima hiyo. Kindi hayumo. Nilicheka peke yangu, kisha nikasoma viwango.

Kanuni zile ziliweka kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari ya mazao, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5. Ukiuawa na mnyama, familia ilipangiwa shilingi 1,000,000. Mwaka wa bei nzuri gunia mbili za mahindi zinavuka laki moja, na ekari ya mkulima mzuri wa Ruvuma haiishii gunia mbili. Namtumbo na Tunduru, humu humu mkoani kwetu, kuna watu ambao mahindi yakianza kubeba wanahamia shambani, wanalala kwenye vichanja, wanapiga madebe usiku kucha na kuwasha moto, na watoto wao kesho yake wanasinzia darasani. Tembo akiamua kupita, anapita. Asubuhi mama anasimama kwenye mabua yaliyolala, anaambiwa asiguse kitu mpaka waje wa kupima. Mimi nimeliwa mpira wa levo na nimepata insha. Yule ameliwa mwaka mzima, na tembo huyo huyo, akivuka mpaka kurudi ndani, anapigwa picha na mgeni aliyelipa kwa dola kumwona. Sitaki kuambiwa kwamba hizo fedha haziwezi kugawanyika vizuri zaidi. Tunajua kugawa kitu kidogo sana kwa watu wengi sana. Tumefanya hivyo na ulanzi wa mbeta moja kwenye kila msiba.

Mpira uliobaki nimemuuzia fundi mmoja anayejenga Msamala, kwa bei ya hasara. Vipande vizima vilikuwa bado vinatosha kupimia msingi wa vyumba viwili na sebule. Juzi kanipigia simu. Anasema mpira ukijazwa maji unanuka pombe, vibarua wanauzungukazunguka kuliko wanavyochanganya zege, na nyuki wamehamia kwenye msingi. Anaomba ushauri.

Nimemwambia auoshe kwa jiki.